Jino la Pembe: Habari za Meno ya Kutengenezwa na Pwani ya Kilwa

Wazee wa pwani wana methali isemayo, "Jino la pembe si dawa ya pengo." Maana yake hujulikana na wengi: kitu cha kubandika hakishiki barabara mahali pa kile kilichopotea. Lakini leo nataka tuichukue methali hii neno kwa neno, bila ya kuitafutia fumbo. Yasema habari za jino lililochongwa kwa pembe na kutiwa kinywani mwa mtu mwenye pengo. Basi yaelekea kwamba aliyeitunga alikuwa amekwisha kuona jino la namna hiyo, au amesikia habari zake kwa walioliona. Nalo ni jambo la kuangaliwa, maana watu wa pwani ndio waliouza pembe kwa dunia nzima, na wao wenyewe ndio waliosema kwamba jino lake si dawa.

Kwanza tukumbuke kwamba ile tunayoiita pembe ya ndovu si pembe hata kidogo. Pembe ya ng'ombe humea juu ya kichwa, lakini pembe ya ndovu hutoka katika utaya wa juu, nayo ni jino lake la mbele lililorefuka. Kwa hiyo mtu aliyevaa jino la pembe alikuwa amevaa jino juu ya jino, ila la mnyama mwingine.

Biashara hii ni ya kale sana katika nchi yetu. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyefika pwani ya Zanj kama mwaka 916, aliandika kwamba pembe za nchi hii zilipelekwa Omani, na kutoka huko zikaenda Bara Hindi na China. Kilwa Kisiwani ilistawi kwa dhahabu ya Sofala na kwa pembe. Baadaye, katika karne ya 19, Kilwa Kivinje ikawa ndiyo bandari kubwa ya upande huu, na misafara ikashuka kutoka nchi za Ziwa Nyasa na bara yote ya Kilwa. Mtu aliyeko Njinjo leo, katika njia ya kutoka Nangurukuru kwenda Liwale, yuko katika nchi iliyopitwa na miguu ya wapagazi wengi.

Pamoja na pembe za ndovu kulikuwa na bidhaa nyingine ambayo haisemwi sana, nayo ni meno ya kiboko. Mto Rufiji una viboko wengi hata leo, na Ruvuma kadhalika. Jino la kiboko ni dogo kuliko pembe, limepindika, na juu yake lina gamba gumu ajabu ambalo hushinda patasi. Lakini gamba hilo likiondolewa, ndani yake mna kitu cheupe chenye chembe za kushikamana, wala hakigeuki manjano upesi kama pembe ya ndovu. Wareno waliyachukua meno hayo Msumbiji, na katika karne ya 19 yaliuzwa Unguja pamoja na pembe na karafuu. Wachongaji wa Ulaya waliyapenda kwa kazi moja zaidi ya nyingine zote: kutengeneza meno ya bandia.

Kutengeneza meno hakukuanza Ulaya siku zile. Waetruski, watu wa kale wa Italia, zaidi ya miaka 2,500 iliyopita walikuwa wakifunga meno yaliyolegea kwa mkanda wa dhahabu, na mahali pa jino lililotoka waliweka jino la mnyama. Huko Marekani ya Kati, Wamaya walitoboa meno ya mbele ya watu walio hai na kupachika vijiwe vya kijani kwa ajili ya uzuri. Na katika nchi ya Andalusi, tabibu Mwislamu Abu al-Qasim al-Zahrawi, aliyekufa mwaka 1013, aliandika katika kitabu chake cha udaktari jinsi ya kufunga meno kwa uzi wa dhahabu, akaeleza kwamba jino lililoanguka laweza kurudishwa mahali pake, au kuwekwa kipande cha mfupa wa ng'ombe kilichochongwa mfano wa jino. Al-Zahrawi alipenda dhahabu kuliko fedha, kwa kuwa fedha huharibika kinywani na dhahabu haiharibiki. Wanazuoni wa sheria nao waliijadili dhahabu hiyo, wakaipimia kwa habari ya Sahaba aliyekatwa pua vitani, akaweka pua ya fedha ikanuka, kisha akaruhusiwa kuweka ya dhahabu. Huenda ndiyo sababu jino la dhahabu halikuwa jambo la kushangaza katika miji ya pwani, Unguja na Mombasa, ambako wengine walilivaa kwa pambo tu.

Lakini hata karne ya 17 watu waliohitaji meno ya kutengenezwa walikuwa wachache. Kilichowafanya kuwa wengi ni sukari. Zamani sukari ilikuwa kitu cha wafalme. Katika karne ya 18 ikaingia katika chai na mikate ya watu wengi wa Uingereza na Ufaransa, na meno yao yakaanza kuoza kwa wingi ambao haujapata kuonekana. Wadudu wadogo wakaao kinywani hula sukari na kutoa uchungu kama siki, nao uchungu huo huyeyusha gamba la jino kidogo kidogo.

Na sukari hiyo ililimwa na nani? Hapa habari yetu yarudi Kilwa, wala si kwa njia ya fahari. Tarehe 14 Septemba mwaka 1776, Mfaransa aitwaye Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa. Katika mkataba huo Sultani aliahidi kumpa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa riale 20 kila mmoja. Walichukuliwa kwanza katika visiwa vya Wafaransa, Ile de France, ambayo leo ni Mauritius, na Bourbon, ambayo leo ni Réunion. Wengine wa pwani ya Afrika Mashariki walivushwa mbali zaidi, hata Saint-Domingue katika bahari ya Karibi, ambako mashamba ya miwa yalikuwa makubwa kuliko popote. Mauritius yenyewe ikawa nchi ya miwa katika karne ya 19, na utumwa haukukomeshwa huko mpaka mwaka 1835. Basi tazameni mzunguko huu: watu wa bara ya Kilwa walikwenda kulima miwa, sukari ikaozesha meno ya matajiri wa Ulaya, na matajiri wakanunua meno ya kiboko ya Afrika ili waweze kucheka tena mbele za watu. Hakuna aliyeandika juu ya jino moja moja kwamba hili latoka mto fulani, lakini njia iliyopitisha watu na njia iliyopitisha meno zilikuwa za wafanyabiashara wale wale.

Mtu mmoja aliyevaa meno hayo ajulikana na ulimwengu wote. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipoapishwa tarehe 30 Aprili mwaka 1789, alikuwa amebakiwa na jino moja tu la kwake. Watu wengi husema kwamba alivaa meno ya mti. Si kweli. Fundi wake, John Greenwood, alimchongea meno ya kiboko, akayafunga kwa parafujo na springi za chuma zilizoyasukuma yasianguke. Washington aliona taabu kubwa. Kinywa chake kilifura, na hakupenda kusema maneno mengi hadharani. Tena katika daftari ya matumizi yake ya mwaka 1784 imeandikwa kwamba walilipwa "Negro" kwa ajili ya meno tisa. Watu hao hawakuandikwa majina, nao walikuwa watumwa. Yaelekea meno hayo yalikuwa ya kutiwa kinywani mwa mtu mwingine. Na baada ya vita vya Waterloo, mwaka 1815, meno ya askari waliokufa yaling'olewa uwanjani na kuuzwa kwa mafundi, wakayapigilia juu ya kitako cha jino la kiboko.

Sasa twaweza kuelewa kwa nini methali ilisema si dawa. Jino la kiboko kinywani ni kitu kilichokufa. Halina damu, na gamba lake limekwisha kuondolewa, basi hunywa mate kama kipande cha mti kilicholala majini. Baada ya muda hugeuka rangi, hulainika, huoza, na kunuka vibaya. Mtu aliyelivaa alinukia jirani zake kabla hajafungua kinywa kusema. Mwenye busara alilivua wakati wa kula, likarudi mahali pake wakati wa mazungumzo. Kwa hiyo kazi ya jino, ambayo ni kutafuna, halikuifanya kabisa.

Harufu hiyo ndiyo iliyoleta maendeleo. Karibu na mji wa Paris alikuwapo muuza dawa mmoja, Alexis Duchateau, ambaye kazi yake ilikuwa kuonja na kuchanganya dawa siku nzima, na meno yake ya kiboko yalinywa dawa hizo zote. Katika mwaka 1774 hivi akachoka nayo, akafikiri kutengeneza meno ya kauri, yaani udongo ule mweupe wa China uliochomwa motoni. Watu wa Kilwa waijua kauri; vigae vya sahani za China huokotwa mpaka leo katika magofu ya Kisiwani, na miaka mia kadhaa ndani ya mchanga haikuondoa mng'ao wake. Duchateau alipata shida kwa kuwa kauri hunywea katika tanuru, na meno yakatoka madogo kuliko kinywa. Daktari wa meno Nicolas Dubois de Chémant aliiendeleza kazi hiyo na kuipatia hati ya mfalme wa Ufaransa. Mwaka 1808 Mwitaliano Giuseppangelo Fonzi akatengeneza jino moja moja la kauri lenye kipini cha madini ndani yake. Baadaye Wamarekani wakagundua kwamba mpira uliopikwa kwa kiberiti hugeuka mgumu kama mfupa na waweza kufinyangwa kwa mfano wa ufizi. Tangu miaka ya 1850 kitako cha mpira kilishinda jino la kiboko kwa bei, hata fundi wa pembe akakosa kazi. Nchi yetu iliuza mpira pia: mwisho wa karne ile mpira wa mwituni wa Donde na Liwale ulishuka Kilwa kwa vichwa vya wapagazi.

Lakini meno hayo yote ni ya mtu aliyekwisha kung'olewa. Fikira kubwa zaidi ilikuwa ile ya kulinda jino ambalo bado lina mzizi. Mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard alitoa kitabu kikubwa cha kazi ya meno, akaonyesha jinsi ya kupandisha jino jipya juu ya mzizi wa zamani kwa kijiti cha dhahabu au fedha kilichotiwa katikati yake. Mwenzake Claude Mouton, mwaka 1746, aliandika habari za kifuniko cha dhahabu cha kuvisha jino bovu, akashauri kikiwa cha jino la mbele kipakwe rangi nyeupe ya kuchomwa, ili watu wasikitambue. Ndipo ilipozaliwa ile tunayoiita taji la jino. Mimi naona jina la kofia lafaa zaidi, kwa sababu taji huvaliwa na mwenye cheo, bali kofia huvaliwa na mtu yeyote ili jua lisimwumize. Mwaka 1903 Mmarekani Charles Land alionyesha kofia ya kauri tupu, nyembamba, yenye rangi ya jino, na zile zivaliwazo sasa ni wajukuu wa kofia hiyo.

Kofia hufanya kazi hivi. Daktari huondoa uozo wote. Ikiwa kiini cha jino, palipo mshipa na damu, kimekwisha kufa, hukisafisha na kuziba njia zake mpaka mwisho wa mzizi. Kisha hulipunguza jino pande zote, kiasi cha milimeta moja au mbili, likawa kama kisiki. Huchukua chapa yake kwa kitu laini kinachoganda, na fundi hutengeneza kofia ya kukaa juu ya kisiki hicho barabara, pasipo nafasi ya uchafu kupita. Hubandikwa kwa saruji ya meno. Yaweza kudumu miaka kumi na zaidi ikiwa mwenyewe hupiga mswaki hasa pale kofia inapokutana na ufizi, maana uozo hupenda kuingia pale pale.

Mmesikia kwamba jino hupunguzwa. Nalitaja kwa sababu katika bara ya Lindi watu wamejua kupunguza meno muda mrefu kabla ya daktari yeyote. Wamakonde, Wamakua na Wayao walikuwa na desturi ya kuchonga meno ya mbele, na katika vinyago vya mapiko ambavyo Wamakonde huvaa ngomani waweza kuyaona meno hayo yaliyochongoka. Jino lilibanduliwa kidogo kidogo kwa patasi ndogo na kinyundo. Wageni wengine waliandika kwamba ni dalili ya kula watu, nao waliandika upuuzi. Ilikuwa alama ya ukoo, ya utu uzima, na ya uzuri. Alama hiyo haikufutika hata mtu alipovushwa bahari akapewa jina jingine. Mwaka 1991 palipochimbwa mjini New York makaburi ya kale ya Waafrika, ilionekana mifupa ya watu wenye meno yaliyochongwa, na wataalamu wakaona humo dalili kwamba watu hao walizaliwa Afrika. Hawakuwa watu wa pwani yetu, ila jambo ni lile lile: jina lilisahauliwa, jino likabaki kusema.

Hata hivyo jino lililochongwa lilikuwa na gharama yake. Gamba la nje la jino likiisha kumea halimei tena. Mwili hauna njia ya kulirudisha kama urudishavyo ngozi au ukucha. Patasi ikifika karibu na kiini, baridi na moto huingia, halafu maumivu, halafu usaha. Na sheria hii haimpendelei daktari wa mjini. Siku hizi wako watu wenye meno mazima ambao huyakata ili yavishwe kofia nyeupe zilizolingana, kwa uzuri tu, na picha. Kisiki hakirudi kuwa jino. Atakayefanya hivyo akiwa na miaka ishirini ajue kwamba kofia ya kwanza haitakuwa ya mwisho. Wenye mwanya wa mbele, ambao washairi wetu wameusifu siku nyingi, sioni kwa nini wauzibe.

Tuseme sasa kijana wa Njinjo ameanguka na baiskeli, usukani ukampiga mdomoni. Kama jino limevunjika ncha tu, hahitaji kofia. Daktari aweza kulijengea kwa utomvu mweupe unaogandishwa kwa mwanga, na jino halikatwi. Kama limevunjika nusu, au limeoza mpaka kuta zake zimekuwa nyembamba, hapo kofia ina kazi. Kama limeng'oka zima na mzizi wake, lishikwe kwa kichwa chake wala si kwa mzizi, lirudishwe kitunduni mara moja, au litiwe katika maziwa na kupelekwa kwa daktari saa ile ile. La maziwa la mtoto mdogo halirudishwi. Jambo ambalo hutokea mara nyingi ni jingine kabisa: kijana hungoja, jino huuma, na mwisho hung'olewa kwa sababu safari ni ndefu na fedha ni chache. Kofia ya kauri ni kitu cha mjini, na bei yake ni ya mjini.

Kwa shida hiyo ndiyo nchi yetu ilitoa jambo ambalo lilifuatwa na ulimwengu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha madaktari wa meno Muhimbili mwaka 1979. Katikati ya miaka ya 1980, daktari Mholanzi Jo Frencken na wenzake waliokuwa wakifanya kazi chini ya chuo hicho waliona kwamba mashine ya kutoboa meno haina faida mahali pasipo umeme, na kwamba watu wa vijijini wananyang'anywa meno ambayo yangeweza kupona. Wakajaribu kuyasafisha na kuyaziba kwa vyombo vya mkono tu. Njia hiyo ikajaribiwa tena Thailand na Zimbabwe, na tarehe 7 Aprili mwaka 1994, Siku ya Afya Ulimwenguni, Shirika la Afya Ulimwenguni likaitangaza kwa nchi zote.

Vyombo vyake vyaenea katika mfuko mmoja. Mgonjwa hulala juu ya meza au benchi, shuleni au zahanati, na mganga hukaa nyuma ya kichwa chake mahali penye mwanga. Kwa kijishoka kidogo hupanua mlango wa tundu, na kwa kijiko kidogo kuliko ukucha hukwangua uozo uliolainika. Sehemu ngumu huiacha, maana bado ni jino. Mara nyingi hapana haja ya sindano. Kisha hukausha kwa pamba, huchanganya unga wa kioo na maji yake juu ya kikaratasi, hujaza tundu, hupaka vaselini katika kidole kilichovikwa glavu, na kukandamiza mpaka saruji iingie katika kila mfereji wa jino. Humwambia mgonjwa aume taratibu, aone kama meno yakutana kama zamani. Kinachozidi hukatwa. Halafu humwonya asile kitu kwa muda wa saa moja, naye huamka na jino lake mwenyewe.